Nusu Iliyofunikwa

Chennai, India
9 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Naanza na Baba, maana najua usipomkuta mstari wa kwanza barua utaitupa. Baba anaendelea. Anapumua vizuri kuliko siku ile tulipopanda basi Katesh, na kila asubuhi ananiuliza kama mvua imefika Nangwa, utadhani ni mimi niliyeificha. Kaka Nicodemo mzima, analalamika tu. Msalimie wifi Rogathe na watoto, mwambie mume wake hajatoroka. Barua hii nampa mama mmoja wa Singida aliyemaliza matibabu, ataiacha dukani kwa Joakimu hapo stendi. Simu ipo, lakini nikikupigia Baba ananipokonya, mnaanza kupigiana kelele juu ya ng'ombe mpaka salio linakwisha.

Sasa, moyo wake. Daktari amesema ule mlango mbovu wa moyo unabadilishika. Lakini Baba amekonda mno. Daktari anataka kwanza Baba anenepe kidogo, apate nguvu, vinginevyo hampasui. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni moja: Baba ale.

Na kula kwenyewe ni hotelini, Mama, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu nyumba ya wageni tuliyopanga haina jiko. Ungeona! Mchana tunaingia hoteli moja karibu na hospitali. Hakuna sahani. Mnatandikiwa jani la mgomba, bichi kabisa, unalinyunyizia maji mwenyewe na kulipangusa kwa kiganja. Kisha wanaume wanapita na ndoo, kila mmoja na ndoo yake: wali, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, mboga ya nazi, achari inayochoma mpaka masikioni, na mwisho mtindi mwepesi wenye chumvi. Ukipunguza, wanaongeza. Hawaulizi. Na watu wote wanakula kwa mkono! Baba alipoona hivyo alifurahi, akasema, "Kumbe hawa ni watu wa kawaida." Nicodemo alingoja nyama mpaka wa ndoo ya mwisho alipopita. Nyama hakuna, ni hoteli ya mboga tu. Alitazama jani lake kama mtu aliyeporwa.

Jambo lingine lililomshangaza Baba ni wazee wa hapa. Mume na mke wanakaa meza moja, wanatazamana, wanakula. Aliwaangalia mpaka nikaona aibu.

Kituko kimoja nikusimulie. Baba alikula vizuri mpaka nusu, akasema ameshiba, akakunja jani juu ya wali uliobaki, akausogeza pembeni, kama anavyofunika bakuli lake nyumbani. Kumbe hapa kukunja jani ni kusema umemaliza. Wa ndoo akaja, akalinyakua lote, akaenda nalo. Baba akasimama. "Wamekipeleka wapi?" Akatoka mlango wa nyuma, mimi namfuata. Kule uchochoroni kulikuwa na ng'ombe mweupe amesimama peke yake, hana mchungaji, anakula jani na wali wa Baba. Baba akamkagua ng'ombe meno na nundu, akaniambia, "Huyu sina ugomvi naye."

Anasema nikuulize kama unakula.

Mwanao,
Monica


Nangwa, Hanang
2 Machi 2025

Mwanangu Monica, marahaba.

Barua yako imekaa kwa Joakimu wiki nzima chini ya katoni la sabuni. Nimemgombeza mpaka wateja wakatoka. Sisi tupo. Mvua ilikuja, ikatutania, ikaenda, halafu ikarudi vizuri. Mahindi yamefika gotini, mbaazi za baba yako zimeota. Yule ng'ombe wa madoa amezaa jike, mwambie, jike, tena lina alama nyeupe kwenye paji kama mama yake. Rogathe anakusalimu, anasema mume wake akinenepa sana huko asirudi, hatamtosha kitandani. Maneno yake hayo, siyo yangu.

Sasa nijibu vizuri, maana umeandika mambo nusu nusu, usiku najiuliza mwenyewe. Hilo jani la mgomba linachumwa na nani kila siku kwa watu wote hao? Migomba haiishi? Mchuzi ukikimbia kuelekea kwenye nguo mnauzuia na nini? Huo mtindi wenye chumvi ni wa ng'ombe yule wa uchochoroni? Na kama hana mchungaji, jioni anakamuliwa na nani? Mtu hawezi kuwa na ng'ombe barabarani halafu akalala usingizi. Uliza.

Na hao wazee wanaokula wakitazamana. Mke anatafuna mbele ya mume wake hivi hivi? Hafuniki mdomo? Wanazungumza au wamenyamaza? Nani anaanza? Nataka kujua nani anaanza.

Habari ya baba yako kufunika chakula nimeisoma. Mwache, akisema ameshiba ameshiba. Ila usimruhusu kuvua sweta jioni.

Nimepanda vitunguu pale nyuma ya zizi.

Mama yako,
Natalia


Chennai
21 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako mpaka Nicodemo akaniuliza kama nimetumiwa nyama. Tumemweleza Baba habari za ndama jike. Alitabasamu, akataka kujua ile alama nyeupe imekaa katikati au upande.

Maswali yako: majani yanakuja na pikipiki alfajiri, yamefungwa mizigo kama kuni. Mchuzi unazuiwa na ukuta wa wali, ukichelewa kujenga umechafuka, Nicodemo ana mashati mawili ya ushahidi. Ng'ombe wana wenyewe, tumeambiwa, jioni wanarudi nyumbani bila kuitwa na wanakamuliwa. Baba hakuamini. Alimfuata mmoja mpaka geti la mwenyewe, wakasalimiana na mwenye ng'ombe kwa mikono, wakamshika ng'ombe kiwele pamoja, wakaagana. Ndiyo siku pekee iliyomfurahisha huku.

Kwa sababu, Mama, Baba hali. Nakuambia wazi. Zamani alifika nusu, sasa hata nusu hafiki. Matonge machache, "Nimeshiba," basi. Tumebadilisha hoteli mpaka nimechoka. Tulimpeleka kwenye zile chapati zao nyembamba zinazokunjwa ndefu kama mkeka, Baba akauliza ndani kuna nini, nikasema viazi, akasema viazi vipo Mbulu. Tukampeleka kwenye pilau la mbuzi, Nicodemo karibu alie kwa furaha, Baba akala nyama mbili, akafunika sahani kwa sahani nyingine. Mhudumu akaja kuondoa, Baba akaishika. Walivutana, Mama! Mzee wa watu anavutana sahani na kijana mwenye tai! Mwisho ilibidi niingilie, mhudumu akaondoka nayo. Baba akasema, "Kama ni cha kutupwa, wasinipakulie."

Yupo dada wa Tanga anayepika ugali chumbani kwake kwa ajili ya wagonjwa wetu. Nikasema hapa nimeshinda. Ugali, mchicha, maziwa. Baba alinawa, akala kwa hamu mpaka nusu, akasimama hapo hapo kama gari lililoishiwa mafuta. Nikamwambia, "Baba, basi nipe mimi nimalizie." Akasema, "Wewe una sahani yako."

Wiki hii daktari amempima, amepungua zaidi. Tarehe ya upasuaji imeahirishwa. Nicodemo amempigia Baba kelele mbele ya watu, jambo ambalo sikudhani nitaliona, kisha akatoka nje akalia. Mimi naogopa, Mama. Daktari anasema moyo ule hautangoja sana.

Halafu umeulizwa swali, hukujibu. Baba ameniuliza tena: unakula?

Na hao wazee: mke ndiye anayeanza. Anamega kipande kwenye jani la mume wake, mume anajifanya hajaona.

Monica


Nangwa
10 Aprili 2025

Mwanangu Monica, marahaba.

Kumbe mke ndiye anayeanza. Nimekaa na jambo hilo siku mbili.

Hapa mvua ni nyingi, barabara ya kwenda Katesh ni tope tupu, barua hii nampa kijana wa kanisani anayekwenda Arusha, huko watatafuta mgonjwa anayekuja kwenu. Vitunguu vimeoza vyote, nimepanda tena. Alama ya ndama imekaa upande wa kushoto, kidogo. Rogathe amepata mafua. Kuku watatu wameliwa na kicheche, na mbwa yupo amelala tu, ananenepa, hafukuzi hata nzi. Ananenepa kwa sababu ya bakuli la baba yako. Jioni nalifunika pale mezani kama kawaida, asubuhi namwagia mbwa, maana nitafanyaje na ugali uliolala? Basi amekuwa kama kiboko wa ziwa Basotu. Baba yako akirudi amkemee mwenyewe.

Nicodemo asimpigie baba yake kelele. Mwambie nimesema. Na wewe acha kulia lia kwenye karatasi, wino umetapakaa nimeshindwa kusoma neno moja, nimekisia.

Kwani kila mtu akisema ameshiba ni lazima asumbuliwe? Mwanadamu ana tumbo lake.

Mpe baba yako sweta.

Natalia


Chennai
28 Aprili 2025

Mama, shikamoo yako. Leo sina salamu nyingi, unisamehe.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumbani, Nicodemo akacheka sana kuhusu mbwa. Baba hakucheka. Aligeukia ukutani, akalala na viatu.

Ndipo nikaisoma tena peke yangu, taratibu. Mama, bakuli la Baba unalifunika la nini na Baba yuko huku? Chakula kinachobaki humo ni chakula cha nani? Nikampigia wifi Rogathe. Nilimbana mpaka akasema. Anasema gauni lako la kanisani umelipunguza kiunoni mara mbili na bado linazunguka. Anasema akikuletea chakula unasema umeshiba. Umeshiba nini, Mama? Mnanifanyia nini nyinyi wazee? Mmoja yuko huku ananiambia ameshiba, mwingine yuko huko ananiambia ameshiba, na mimi nimesimama katikati na ndoo ya mchuzi!

Nilimwuliza Baba moja kwa moja: "Unambakishia Mama?" Akasema, "Mambo ya watu wazima hayo." Nina watoto wawili, Mama, na bado mimi si mtu mzima.

Daktari ametupa mpaka mwisho wa Mei. Baba akiongezeka, atampasua. Asipoongezeka, anatupa dawa za kupunguza maumivu na kuturudisha nyumbani, na maana yake unaijua. Kwa hiyo sikuombi tena kwa adabu. Niambie kilichopo. Na ungetaka kupiga simu ungepiga, mbona hupigi?

Wale wazee wawili bado wanakuja kila mchana. Baba siku hizi hali, anawatazama tu. Juzi aliniuliza, "Wale ni mke na mume kweli, au ni ndugu?"

Monica


Nangwa
11 Mei 2025

Mwanangu Monica.

Marahaba. Tuko wazima. Leo nami salamu ni fupi.

Barua hii inakuja na Mama Irene wa Babati, anampeleka mjukuu wake hospitali hiyo hiyo. Simu sipigi kwa sababu baba yako anaijua sauti yangu. Nikisema nimekula na sijala, anajua kabla sijamaliza neno. Kwenye karatasi sauti haisikiki, ndiyo maana nimekuwa nakuandikia vitunguu.

Haya, wewe ni mtu mzima, nakuambia. Nilipoolewa hapa nilikuwa nakula jikoni, mwisho wa watu wote. Mwanamume anapelekewa bakuli lake, anakula, kinachorudi ndicho chako. Wenzangu bakuli lilirudi limekombwa, au na mfupa. Mimi siku ya kwanza lilirudi limefunikwa. Nikafunua, nusu kamili, amekata kwa kijiko katikati kama mtu anayegawa shamba. Nikadhani mapishi yangu hayakumpendeza, nikalia. Kesho yake hivyo hivyo. Ndipo nikaelewa. Nikala nusu yangu.

Halafu ukaja ule mwaka wa unga wa njano, wa msaada. Nicodemo ananyonya, wewe hujazaliwa. Bakuli lenyewe lilikuwa dogo, ukilitikisa halina kitu. Alikuwa anatoka kulima ameegemea jembe, namwona. Bakuli likarudi nusu. Nikamwambia kupitia mlangoni, "Maliza, leo mimi sina njaa." Akasema, "Nimeshiba." Hayo ndiyo maneno pekee tuliyowahi kuambiana juu ya jambo hilo, mwanangu, tangu ujana wetu mpaka leo. Nicodemo aliishi kwa maziwa yaliyotoka kwenye nusu ile. Mwambie huyo anayempigia baba yake kelele.

Basi alipoondoka nikapakua kama kawaida, mkono wenyewe unapakua bakuli lake. Nikakaa kungoja lirudi. Litarudi kutoka wapi? Mimi sijui kula chakula kisichotoka kwake, Monica. Najiona kama naiba. Nacheka mwenyewe, mwanamke mzima wa kuitwa bibi, lakini tonge nalirudisha bakulini. Nikala kidogo, nikambakishia yeye. Ni upumbavu, najua, huna haja ya kuniambia.

Jana nimewaza juu ya yule bibi wenu wa jani. Nimesema kama yeye anaweza kuanza, na mimi nitaanza. Nimemwita Rogathe awe shahidi, nikapika ugali, maharage na maziwa, nikapakua bakuli moja tu, langu. Nikakaa mezani kwenye kiti cha baba yako. Nimekula mpaka chini. Nimelikomba kwa kidole. Rogathe atakuambia kwenye simu kama naongopa.

Sasa sikiliza. Haya yafuatayo usimpe asome. Msomee, mezani, mbele ya hao wenye ndoo, kabla hajakunja jani:

Baba Nicodemo. Mimi Natalia. Nimekula. Nimemaliza bakuli langu, nimeliosha, nimelifudikiza. Mbwa leo hakupata kitu, amenikasirikia. Tangu uliponioa unasema umeshiba, na mimi nakukubalia, kwa kuwa nilikuwa na njaa. Sasa sina njaa. Maliza chakula chako uje.


Chennai
17 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Umeshaambiwa na wifi Rogathe, najua, maana nilimpigia nalia na kucheka. Amepasuliwa. Mlango mpya wa moyo unafanya kazi. Daktari anasema tungoje wiki chache, kisha anatupa ruhusa. Lakini ulitaka uandikiwe kwa ukamilifu, basi kaa.

Mama Irene alitukuta hotelini mchana, tumeshatandikiwa majani. Nikaisoma mwenyewe kwanza, yote. Nicodemo naye akaisoma, akaenda kunawa uso. Wali ukaletwa. Baba akala matonge yake machache, nikaona mkono unaelekea kwenye jani. Nikasema, "Baba, ngoja, una barua." Nikasoma. Wa ndoo alikuwa amesimama hapo, haelewi neno, akaitua ndoo chini, akafunga mikono kama yuko kanisani.

Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa mbwa." Nikasoma. Akauliza, "Ameandika mwenyewe, au ni Rogathe?" Nikamwonyesha mwandiko wako. Aliutazama sana. Kisha akasema, "Amekaa kwenye kiti changu," akaanza kucheka, na machozi yanatoka, Mama, kwenye wali.

Halafu akala. Akamaliza, wa ndoo akaongeza, akamaliza, akaongeza mchuzi, akanywa mtindi wote. Nicodemo alisahau hata kuulizia nyama. Wale wazee wawili waligeuka kututazama, safari hii zamu yao. Baba alipokunja jani, ndani hamkuwa na punje, na yeye mwenyewe akampungia wa ndoo aje alichukue. Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Ng'ombe mweupe alikunjua jani kwa ulimi, hakukuta kitu, akamtazama Baba. Baba akamwambia, "Pole, mama."

Tangu siku hiyo alikula mpaka daktari akaridhika.

Nilimwambia leo naandika, nikamwuliza kama ana neno. Nikategemea ataulizia ndama. Akanyang'anya kalamu. Usiogope mwandiko, bado ni mgonjwa. Nakuachia kama alivyoandika.

Monica

Natalia. Nimewachunguza wale wazee tangu nimefika huku. Ni mke na mume, nimeuliza. Kula kwa kutazamana si aibu. Nikirudi usinifunikie. Pakua mara mbili, toka jikoni, ukae mbele yangu. Na wewe ndiye uanze.
Tluway